Baji Niliyovaa Haikuwa Yangu

Najua nimepotea. Wengine mmeanza kueneza habari kwamba nimekamata supu nikaona aibu kujitokeza. Jamani, sijakamata kitu, niko fildi! Shajara hii huwa inatoka hosteli, lakini kwa wiki ya saba sasa inatoka Levolosi, Arusha, kwa shangazi yangu, karibu na soko la Kilombero, ambako makondakta wanaanza kuita abiria kabla hata Mlima Meru haujaonekana.

Mlizoea niwasimulie vituko vya bwenini na habari za bumu kuchelewa. Leo hakuna. Leo nina ugomvi, na sehemu ya ugomvi ni wangu mimi mwenyewe.

Nianze na shangazi. Amewatangazia majirani wote kwamba mtoto wa kaka yake yuko chuo kikuu anasomea kupiga picha. Basi mama mmoja mwenye genge la mboga akaniuliza, kwa nia njema kabisa, nikimaliza nitafungua studio hapa hapa au nitaenda mjini kati. Nikamweleza kwamba ni picha za eksirei, za mifupa na mapafu. Akaelewa. Nikaongeza, kwa majivuno ya msomi, kwamba ni kazi yenye hatari yake na ndiyo maana tunavaa aproni za risasi. Mama wa watu akashika kifua: “Risasi? Kwani huko mnapigana na nani?” Tulicheka mpaka machozi. Ikabidi nieleze kwamba risasi ninayosema ni yale madini mazito yanayozuia mionzi, wala hakuna bunduki.

Nilicheka wiki ile ya kwanza. Wiki hii sicheki.

Siku niliyoripoti (hospitali siitaji, na wanaoijua naomba wasiitaje huko chini kwenye maoni, kwa sababu nimeshapiga simu kwa wenzangu waliotawanyika mikoani na hadithi ni ile ile) nilipokelewa na mteknolojia mmoja, kaka mwema sana ambaye amenifundisha mengi kuliko semista mbili za darasani. Akanizungusha vyumbani, akanionyesha aproni zinapotundikwa. Nikauliza, “Kaka, na baji?” Akafungua droo, akatoa baji yenye jina la mtu mwingine. “Vaa hii, mwenyewe yuko likizo.”

Nikavaa. Tena nikavaa kwa maringo. Nilijipiga picha mbele ya kioo nikamtumia mama.

Kwa wasio wa fani: ile baji ndogo tunayobana kifuani haizuii mionzi hata kidogo. Kazi yake ni kuhesabu. Ndani kuna vipande vya fuwele. Mionzi ikipita, fuwele inatunza sehemu ya nishati yake. Baji ikirudishwa maabara fuwele inapashwa moto, inatoa mwanga, na wingi wa mwanga unaonyesha wingi wa mionzi iliyomfikia aliyeivaa. Ikishapashwa moto hivyo, kumbukumbu iliyokuwa ndani inafutika na baji iko tayari kuanza upya. Kinachobaki ni namba kwenye faili, mbele ya jina la mtu.

Na jina ndilo ugomvi wangu. Kwa wiki mbili dada wa watu alikuwa kwao kijijini analisha kuku, huku faili lake likijazwa mionzi. Mimi niliyekuwa chumbani na mashine, kwenye karatasi sikuwahi kuwepo.

Alirudi wiki ya tatu. Nilimfuata nikamweleza mwenyewe, maana dhamiri ilikuwa inanikaba. Hakunigombeza. Aliigeuza geuza ile baji mkononi, akauliza swali moja tu: “Uliingia nayo tiata?” Nikasema ndiyo, mara tatu. Akachukua kalamu akaandika tarehe zote nilizomtajia, akaniambia lazima zipelekwe pamoja na baji, la sivyo siku moja ataitwa kujieleza kwa dozi asiyoijua. Akabana baji yake kifuani. Kuanzia siku hiyo mimi sina kitu.

Kinachoniuma zaidi ni jiografia. Mnajua baji hizi husomwa wapi? Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ile iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 2003 kuchukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi ya sheria ya 1983, ina maabara zake Njiro. Njiro hii hii! Hapo ndipo baji za wafanyakazi wa mionzi zimekuwa zikisomwa kwa miaka mingi. Kutoka Levolosi ni safari ya kifodi. Nalala mahali ambapo nasikia makonda wakiita Njiro, Njiro, halafu nakwenda kazini kifua wazi kama mtu aliyekuja kumsalimia mgonjwa.

Sasa nisikilize mnaosema wanafunzi tunadeka, maana hoja zenu nazijua kwa moyo.

Kuna wanaosema, “Mnakaa wiki nane tu, baji ya nini?” Wiki nane mwaka huu, ndugu yangu. Mwaka jana nilikaa nyingine, mwakani zipo, na mwaka wa nne ndiyo kabisa tunahamia wodini. Mpaka nivae joho nitakuwa nimekaa miezi mingi kwenye vyumba vya eksirei vya hospitali tofauti, na hakuna karatasi hata moja itakayoonyesha. Nikianza kazi faili langu litaanza na sifuri safi, kama vile nimeshuka kutoka mbinguni siku ile. Halafu msidhani mwanafunzi ni kiumbe aliyesahauliwa na sheria. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki vilivyotolewa 2014 vinamtaja wazi: mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 anayetumia mionzi katika masomo asizidi milisiverti 6 kwa mwaka, na akivuka 18 anahesabiwa kama mfanyakazi, wastani wa 20 kwa mwaka kwa miaka mitano. Huko Vienna wametukumbuka. Aliyetusahau ni yule anayeandika barua ya kutupeleka fildi.

Barua yenyewe ninayo hapa mezani. Inanitaka nije na koti jeupe, viatu vya kufunika vidole, kadi ya bima, kitabu cha kumbukumbu cha fildi na nidhamu. Baji haimo. Nimeisoma mara tatu nikidhani imejificha kwenye ukurasa wa pili.

Kuna wanaosema dozi zenyewe ni ndogo. Hapa nitakuwa mkweli, maana sitaki kumtisha mtu, na shangazi anasomewa shajara hii na binti yake. Ni kweli, ni ndogo. Picha moja ya kifua inampa mgonjwa milisiverti 0.1 au pungufu, wakati dunia yenyewe, ardhi na anga, inampa kila mmoja wetu wastani wa kama 2.4 kwa mwaka bila kumwomba. Anayesimama mita moja kutoka kwa mgonjwa, nje ya mwale, anafikiwa na takriban sehemu moja ya elfu ya ile iliyomwingia mgonjwa. Ukirudi nyuma mara mbili ya umbali, inabaki robo. Ukikaa nyuma ya ukuta wenye risasi, unabaki na uchovu wako tu. Kwa hiyo sisemi nitakufa. Nasema hivi: kama ni ndogo, ipimeni mtuonyeshe udogo wake!

Tena hiyo “ndogo” ni ya chumba cha kawaida. Njoo tiata, kwenye ile mashine yenye mkono wa herufi C, siku wameletwa vijana wawili wa bodaboda miguu imevunjika. Pale hakuna ukuta wa kujificha. Daktari wa mifupa anataka kuona chuma kinavyoingia, picha inapigwa, inapigwa tena, na tena, saa inapita. Anayeshikilia mguu ukae sawa ni nani? Mwanafunzi. Aproni unayo, ndiyo, lakini mikono na macho havina aproni. Dada yule hakuuliza kuhusu tiata kwa bahati mbaya.

Hoja ya gharama siijibu kwa urefu. Chuo kinanitoza kitambulisho, kinanitoza mitihani, kinanitoza mpaka vitu ambavyo majina yake siyaelewi kwenye ankara. Mstari mmoja zaidi wenye neno “baji” ningeulipa nikicheka. Shida ni kwamba hakuna anayetaka kuwa mwenye mali. Chuo kinasema hilo ni la hospitali kwa sababu mashine ni zao. Hospitali inasema ni la chuo kwa sababu mtoto ni wenu. Mpira unapigwa huku na huku, na sisi ndio nyasi.

Lakini hata mkinipa baji kesho, nusu ya ugomvi inabaki, na nusu hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi tangu wiki ya tano.

Ilikuwa zamu ya usiku, kama saa nane hivi. Mteknolojia alikuwa mmoja tu na ameitwa tiata. Chumba cha eksirei tumebaki wanafunzi wawili, mimi na mwenzangu wa mwaka wa pili. Akaletwa mtoto wa kama miaka miwili, anahema kwa shida, daktari anataka picha ya kifua. Mtoto analia na kujinyonganyonga. Mama yake ana mimba kubwa, kwa hiyo huyo haingii. Sista akanigeukia: “Wewe mwanafunzi, shika mtoto. Mwenzako apige.” Nikavaa aproni, nikashika. Mwenzangu akabonyeza. Mtoto akatikisika, picha ikaharibika. Ikabidi turudie.

Hebu itazameni picha hiyo vizuri. Mwanafunzi ameshika, mwanafunzi amebonyeza, mtoto amepigwa mara mbili, na hakuna mwenye leseni ndani ya chumba. Mwaka 2007 Bunge lilitunga sheria ya taaluma yetu, ikaundwa baraza la kusajili wataalamu wa radiolojia, ili kazi hii isifanywe na kila aliyevaa koti jeupe. Usiku ule makoti meupe yalikuwa mawili, na namba za usajili wa baraza zilikuwa sifuri.

Asubuhi, naosha uso, ndipo nikakumbuka: mjomba wa mtoto alikuwa nje kwenye benchi! Ndiye aliyewaleta. Mtu mzima, mwenye nguvu, ambaye angevaa aproni, akasimama pembeni ya mwale, akamshika mpwa wake mara moja katika maisha yake, na mtoto pengine angetulia kwa kumwona mtu anayemjua. Ndivyo inavyotakiwa: anashika ndugu ambaye hana mimba, kwa mara hiyo moja. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku iko hapo hatakiwi kugeuzwa kishikio cha kila mtoto anayelia. Hilo nalijua. Niliwahi kuliandika kwenye mtihani nikapata alama zote. Ila saa nane usiku, sista amekunja uso na mtoto anakosa pumzi, halikunijia kichwani.

Na hapo ndipo ninapomgeukia mwalimu wangu kwa heshima zote. Semista nzima tulikariri sheria ya Bergonié na Tribondeau ya mwaka 1906, kwamba seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo zinazoumizwa zaidi na mionzi. Naweza kuisema nikiwa usingizini. Hamkutufundisha sentensi moja ya Kiswahili ya kumwambia sista: “Samahani sista, tumwite ndugu yake, na tumsubiri kaka atoke tiata au tumpigie simu.” Hatukuigiza hata mara moja darasani. Marubani wanaigiza ajali kabla hawajapewa ndege. Sisi tunapewa madesa, tunapiga msuli, tunatema kwenye karatasi, halafu tunakabidhiwa mtoto wa mtu.

Kwa nini hospitali zinatutumia hivi? Simwoni shetani hapa. Mashine zimeongezeka. Tangu 2021, zile fedha za mpango wa UVIKO-19 zilipoanza kununua siti skani kwa hospitali za rufaa za mikoa, kuna vyumba vya mionzi mahali ambapo zamani mgonjwa alipewa barua ya kwenda mbali. Ni jambo jema sana, na mimi nasoma ili nije niziendeshe. Lakini mtu wa kusimama kwenye mashine hanunuliwi kwenye kontena pamoja nayo. Pengo lipo, na mwanafunzi wa bure ndiye anayelijaza. Siku akiumwa, foleni inasimama. Mwanafunzi ambaye asipokuja foleni inasimama huyo ameshakuwa mfanyakazi. Basi apewe ulinzi wa mfanyakazi.

Historia ya fani yetu inaanza na wasaidizi, mnalijua hilo? Röntgen aligundua mionzi hii Novemba 8, 1895. Hazikupita hata siku nyingi Thomas Edison huko Marekani akawa na karakana ya kuijaribu, na kijana wake Clarence Dally ndiye aliyekuwa anaweka mikono yake mbele ya mashine siku baada ya siku. Mikono ikaoza, ikakatwa, na mwaka 1904 akafa. Edison akaachana na eksirei, akaendelea kuishi mpaka 1931. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Marie Curie alifundisha wanawake wapatao 150 kuendesha eksirei, na aliyeanza naye ni bintiye Irène, msichana wa miaka 17. Irène alikufa kwa saratani ya damu 1956, na wengi wanaihusisha na mionzi aliyofanya nayo kazi maisha yake yote. Hamburg, Ujerumani, kuna mnara wa mwaka 1936 wenye majina ya waliokufa kwa kazi hii; ulipozinduliwa yalikuwa 169. Dally na Irène walipoanza hawakuwa na kitu cha kubana kifuani kinachohesabu. Sisi kipo, kimeshavumbuliwa, na maabara ya kukisoma iko Njiro.

Kuna jambo jingine ambalo nilikuwa nasita kuliandika. Mmoja wetu, sitasema yuko mkoa gani, ana mimba. Hajamwambia mtu yeyote fildi. Anaogopa akisema atarudishwa nyumbani na kupoteza mwaka, na bumu litakatwa. Viwango vinasema mfanyakazi akishatoa taarifa ya ujauzito anapangiwa kazi upya ili mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisiverti 1 kwa muda uliobaki. Hafukuzwi, anapangiwa. Lakini nani kamwambia? Hakuna fomu iliyomuuliza, na hakuna mtu chuoni aliyetajwa kwamba ukiwa na jambo kama hilo mwone huyu. Kwa hiyo anaendelea kuingia, anasimama mbali kadiri anavyoweza, na hana baji.

Tusijifanye malaika lakini. Nani kati yetu hajawahi kusainiwa picha thelathini za kifua kwa dakika tano siku ya mwisho ya fildi? Mimi mwaka jana nilisainiwa mifupa ya fuvu ambayo sikuipiga. Nani hajaacha mwale wazi ukamulika mwili mzima ilhali daktari anataka kifundo cha mkono tu, kwa sababu kubana kolimeta ni kazi? Kuna wale masela wanaojisifu hawavai aproni kwa sababu ni nzito na joto la Dar linatosha. Na mimi, niliyevaa jina la mtu wiki mbili na kujipiga picha nalo, nisingekuwa na haki ya kuandika haya kama nisingeanza na hilo.

Basi nimeandika barua kwa mkuu wa idara. Ni ukurasa mmoja na nusu, lugha ya adabu, hakuna hospitali wala mtu aliyetajwa. Inaomba kila mwanafunzi apewe baji yenye jina lake kabla ya kukanyaga fildi ya kwanza, na rekodi yake imfuate hospitali hadi hospitali, mwaka hadi mwaka, mpaka aajiriwe. Inaomba kwamba hospitali isiyoweza kuhakikisha mteknolojia aliyesajiliwa yupo kwenye zamu isipangiwe wanafunzi zamu hiyo, hasa za usiku. Inaomba ateuliwe mhadhiri mmoja, awe mwanamke ikiwezekana, wa kupokea taarifa za ujauzito kwa siri, na iandikwe kwamba hakuna anayepoteza mwaka kwa kusema ukweli. Na inaomba saa mbili tu, mbili, kabla ya kila fildi, za kuigiza yale yanayotokea usiku: mtoto analia, sista amekasirika, bosi hayupo. Mimi niko tayari kuigiza sista. Uso wake bado naukumbuka.

Najua kuna atakayesema nitajiharibia. Mwenzangu yule wa mwaka wa pili ameshanipigia simu kunisihi nisiweke sehemu ya usiku ule, eti watamjua. Nimeitoa kwenye barua. Hapa nimeiacha kwa ruhusa yake, baada ya kuniahidi kwamba atasaini.

Fildi inaisha Ijumaa. Jumamosi napanda basi. Jumanne jioni baada ya chakula nitakuwa kafteria, meza ile ya karibu na mlango wa jikoni, barua ninayo na kalamu mbili. Wa diploma na wa digrii wote mje, na namba zenu za usajili wa chuo mkononi.

Wasalaam, kutoka Levolosi.